Kondoo Asiye na Malisho: Lebo ya Eneo na Haki ya Ardhi Walungu

Wapo wanaoshikilia kwamba wafugaji wadogo wa milima ya Kivu wangenufaika na lebo ya ubora ya eneo, yaani alama ya kisheria inayothibitisha kuwa bidhaa imetoka mahali fulani na kwamba sifa zake zimetokana na mahali hapo. Mifano yao inajulikana: Umoja wa Ulaya umezilinda alama hizo tangu 1992, na nyama ya mwanakondoo wa Sisteron, Ufaransa, huuzwa kwa jina la kwao. Kwamba lebo huweza kupandisha bei si jambo la kubishaniwa. Linalostahili kupingwa ni dhana iliyofichika ndani yake, kwamba mfugaji ana malisho.

Walungu, mashariki mwa Kongo, katika sheferi (tawala za kimila) za Ngweshe na Kaziba, dhana hiyo haisimami. Kwa desturi ya Bashi, wenyeji wa huko, ardhi hupatikana ama kwa kalinzi, mapatano yanayompa mtu haki ya kudumu na ya kurithisha baada ya kumtolea mwami, yaani mtawala wa kimila, au mwakilishi wake ng'ombe, mbuzi au fedha, ama kwa bwasa, ukodishaji wa muda mfupi usiomruhusu mpangaji kupanda mazao ya kudumu kama kahawa na migomba. Mwenye bwasa, ambaye mara nyingi ni mwanamke, akiwa hawezi kuweka akiba yake ardhini, huiweka katika mnyama. Kondoo wake wawili au watatu hufungwa kamba kando ya njia, huhamishiwa mashamba yaliyokwisha kuvunwa, jioni hukatiwa matete ya bondeni, kisha hulazwa ndani ya nyumba kwa hofu ya wezi. Nao hupelekwa sokoni Mugogo, si siku waliponona, bali siku mtoto aliporudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Watetezi wa lebo watajibu kwamba kahawa ya Kivu imeweza, kwani ushirika wa SOPACDI, ulioanzishwa 2003, huiuza ng'ambo kwa jina la asili yake. Jibu hilo linaimarisha pingamizi badala ya kulidhoofisha: mti wa kahawa ni mali ya mwenye ardhi ya kudumu, ilhali kondoo ni mali ambayo mwenye bwasa huondoka nayo muda wake ukiisha. Sharti lolote la malisho maalumu lingemfunga mnyama huyo katika ardhi isiyo ya mfugaji, na faida ya lebo ingewaendea wenye kalinzi. Tena lebo huhitaji mdhamini, na tangu Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini, itwaliwe na waasi wa M23 Februari 2025, haieleweki ni mamlaka ipi ingeidhamini.

Kwa hiyo, mfugaji akiipokea lebo kwa shaka, shaka hiyo isihesabiwe kuwa ujinga, maana huenda ndiyo hesabu sahihi kuliko zote zilizofanywa juu ya suala hili. Alama inayofaa Walungu ni ya afya ya mnyama, si ya mahali: chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ukaguzi wa daktari wa mifugo machinjioni, na mizani sokoni, ambako hadi sasa mchuuzi hupapasa mgongo wa kondoo na kutaja bei aitakayo.