Jinsi Mtoto Mchanga Ajifunzavyo Kuketi na Kutembea

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Neno hili wazee walilijua zamani. Wataalamu walilifikia baadaye kwa vipimo vyao.

Katika mwaka 1957 Marcelle Geber na R. F. A. Dean waliandika kutoka Kampala ya kwamba watoto wachanga wa Uganda waliwatangulia wa Ulaya. Wengi wakadhani ni tabia ya kuzaliwa.

Lakini mwaka 1976 Charles Super alitoa habari za Kokwet, kwa Wakipsigis. Watoto wa huko waliketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kama mwezi mmoja. Bali katika kutambaa hawakuwapita. Sababu ni kwamba mama zao waliwafundisha kuketi, wakiwachimbia kishimo ardhini na kuwaegemeza, kutambaa hawakukufundisha.

Basi mama asilaumiwe mtoto akikawia kidogo. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2006, vya watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, vilionyesha wengine wakitembea kwa miezi minane, wengine karibu kumi na minane. Akipita hapo, tusingoje wala tusitafute mchawi. Apelekwe kwa mganga wa hospitali.