Safu ya Lugha: Mapumziko si Likizo
Mapumziko yanatokana na pumzi: mtu anavuta pumzi, kazi bado inamngoja. Likizo ni ruhusa ya kuondoka kazini, hata kwenda nyumbani. Wanaosimulia Vita Kuu ya Kwanza huyachanganya maneno haya mawili, wakidai askari wa Uingereza waliotoka mahandakini walikuwa “likizoni” Poperinge, Ubelgiji, na vijiji vya jirani. Hawakuwa likizoni. Walioga, wakabadilishiwa nguo zilizojaa chawa, jioni wakanunua mayai na chipsi kwa wenyeji. Lakini mchana kulikuwa na gwaride, na usiku wengi walirudishwa mbele kubeba seng'enge na mbao. Hata “mapumziko” yenyewe yalikuwa jina tu. Hata hivyo, aliyelala ghalani kijijini aandikwe yuko mapumzikoni. Aliyepanda meli kwenda kwao, huyo ndiye wa likizo.