Neno la Wiki: Mukurtu

Kwa Wawarumungu wa Tennant Creek, kaskazini mwa Australia, mukurtu ni mfuko ambamo wazee walitunza vitu vitakatifu. Aliyetaka kuviona aliwaendea kwa adabu. Mwaka 2007 jamii hiyo iliipa jina hilo hifadhi yake ya kidijitali. Leo ni programu huria inayotumiwa na jamii nyingine za wenyeji. Humo si kila picha hufunguka kwa kila mtu: huweza kutegemea ukoo wako, au kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Picha ya marehemu huweza kutanguliwa na onyo. Kwa Kiswahili sisi husema “hifadhi”, neno lisilotaja mali ni ya nani. “Amana” lingefaa zaidi: aliyeishika anamjua mwenyewe, na haigawi bila ruhusa yake.