Kitako Chini ya Kiwiko

Mashabiki wa Arsenal wenye kumbukumbu nzuri huenda bado wanamkumbuka mzee mmoja wa Kuwait aliyeonekana kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na jezi ya timu yao. Nchi yake ilikuwa imefungiwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, kwa hiyo hakuruhusiwa kuvaa sare ya taifa, naye Abdullah Al-Rashidi akaamua kuvaa jezi ya klabu ya London. Alikuwa na umri wa miaka 52. Aliondoka na medali ya shaba katika skiti, mchezo wa kupiga kwa bunduki visahani vinavyorushwa hewani, na kwenye michezo ya Tokyo, akiwa na miaka 57, akaongeza nyingine, safari hii chini ya bendera ya Kuwait.

Watu walizungumzia jezi. Kilichonivuta mimi ni kitako cha bunduki yake. Kabla ya kila mlio kilikuwa kimetulia karibu na nyonga. Anaita, anangoja. Kisahani kinachomoka kibandani, na hapo ndipo bunduki inapopanda begani, shavu linakutana na mbao, na marisau yanatoka. Mmarekani anayecheza skiti ya kwao, kwa kawaida, huita kisahani bunduki ikiwa tayari begani. Mchezo una jina moja na uwanja unafanana, lakini mikono imeachana njia. Ili kujua iliachana wapi, inabidi turudi kwenye siku ambazo shabaha ilikuwa na manyoya.

Uingereza, karne ya 18 ikielekea ukingoni, njiwa hai waliwekwa kwenye vishimo vilivyofunikwa kwa kofia kuukuu. Kamba ikivutwa, kofia inapinduka, ndege anaruka. Baadaye yakaja masanduku ya kufunguka ghafla, na humo ndimo lilimotoka jina la trapu, mchezo mwingine wa kupiga visahani, likimaanisha mtego. Klabu ya Hurlingham ya London ilianza kama mahali pa kupigia njiwa katika miaka ya 1860, na njiwa yungali kwenye nembo yake, ingawa mchezo huo ulikoma pale mwaka 1905. Kanuni nyingi za zamani zilitaka kitako kikae chini ya kiwiko au kwapa mpaka ndege awe hewani. Kila mwindaji alielewa sababu yake. Hakuna anayetembea porini saa nzima na bunduki begani. Ndege hukukuta jinsi ulivyo.

Ndege waliouawa walikuwa wengi kupita kiasi, na sina sababu ya kulipamba jambo hilo. Kwenye michezo ya Paris ya mwaka 1900, Mbelgiji Léon de Lunden alishinda kwa kuangusha njiwa 21, na waliokufa katika shindano zima walikaribia 300. Marekani ilikuwa mbaya zaidi: njiwa wa porini walinaswa kwa nyavu na kupelekwa mashindanoni kwa maelfu. Kapteni Adam Bogardus, bingwa wa enzi hizo, alieneza shabaha za mipira ya kioo iliyorushwa kwa mtambo, lakini vigae vya kioo vilibaki viwanjani. Mwaka 1880 mtu wa Cincinnati, George Ligowsky, akaja na kisahani cha udongo. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipoona watu wakirusha makombe yakiruka-ruka juu ya maji. Visahani vyake vya kwanza vilichomwa vikawa vigumu mno, marisau yakagonga bila kuvivunja, hadi ulipopatikana mchanganyiko wa lami na unga wa chokaa, ambao ndio uliobaki hata baada ya jina la udongo kuzoeleka. Kile cha Olimpiki leo kina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105. Na katika mji huohuo wa Cincinnati, ndani ya bustani ya wanyama, tarehe 1 Septemba 1914, alikufa Martha, njiwa wa mwisho wa ile jamii iliyokuwa ikinaswa kwa nyavu. Kila nikikutana na tarehe hizo mbili za mji mmoja, huwa naacha kusoma kwa kitambo.

Kisahani kilikuja na tabia isiyo ya ndege. Njiwa hai anaweza kusita, akageuka, akakaa sandukuni akikutazama. Kisahani kinatoka unapokiita, kwa kasi inayojulikana, na katika trapu kinakwenda mbele kikikukimbia. Mpigaji hajui tu kama kitaelekea kushoto, kulia au katikati. Kwa shabaha ya namna hiyo, kukaa na kitako chini kunampotezea muda. Ukiwa umekwisha kuiweka bunduki begani, shavu limekaa mahali pake, macho yanatazama juu ya mtutu, kinachobaki ni mwendo mfupi na kufyatua. Kwa hiyo trapu ilihamia begani, na hadi leo kanuni za Olimpiki za trapu zinamwachia mpigaji aanze atakavyo. Sioni ubaya wowote hapo. Shabaha yenyewe ndiyo iliyouita mtindo huo.

Mambo yalikuwa tofauti Andover, Massachusetts. Huko, kuanzia kama mwaka 1915, mfugaji wa mbwa aitwaye Charles Davies alikuwa akiwinda ndege wa msituni wanaofanana na kwale, wenye kuruka kwa kishindo na kukata kona. Alitaka kujifua nje ya msimu. Yeye, mwanawe na kijana aitwaye William Harnden Foster walichora duara lenye kipenyo cha yadi 50, wakaweka mtambo mmoja kwenye alama ya saa sita, kisha wakawa wanazunguka wakipiga kutoka kila alama ya saa. Waliuita mchezo wao kuzunguka saa. Kisha jirani akaanzisha shamba la kuku, na nusu ya duara ikawa inamimina marisau juu ya kuku wa mwenyewe. Foster akapata ufumbuzi: akalikata duara katikati na kuweka mtambo wa pili upande wa pili, urushe visahani vikikutana na vya ule wa kwanza. Nusu duara hiyo iliyozaliwa kwa sababu ya kuku ndiyo uwanja wa skiti hadi leo.

Foster aliutangaza mchezo magazetini mwaka 1926, kukawa na shindano la kuutafutia jina. Zawadi ya dola 100 ilimwendea Gertrude Hurlbutt wa Montana kwa neno la asili ya Skandinavia lenye maana ya kupiga risasi. Sheria za mwanzo zilibeba lengo la Davies waziwazi: kitako kiwe chini ya kiwiko mpaka kisahani kionekane. Skiti iliumbwa imfundishe mwindaji kuipandisha bunduki, kama ambavyo mcheza ngoma hufundishwa kuingia kwenye mdundo, si kuusubiri akiwa ameganda.

Lakini mashindano yana njaa ya alama. Mtu anayetaka kupasua visahani 100 kati ya 100 huondoa kila kitu kinachoweza kwenda kombo, na kupandisha bunduki ni mahali ambapo mengi huenda kombo: kitako kinanasa kwenye nguo, shavu linatua juu kidogo ya mbao, marisau yanapita juu. Miaka ilivyokwenda, skiti ya Marekani ikaruhusu bunduki ianzie begani, na kisahani kitoke mara tu kinapoitwa. Ile ya kimataifa ilikataa. Ilipoingia Olimpiki mwaka 1968, Mexico City, wapigaji watatu walimaliza sawa kwa visahani 198 kati ya 200, na Mrusi Yevgeni Petrov akatwaa dhahabu kwa kupasua vyote 25 vya mchujo. Leo kizibao cha mpigaji kina utepe wa manjano wenye urefu wa milimita 250 unaoonyesha mahali kitako kinapopaswa kuwa, na kisahani kinaweza kutoka papo hapo au baada ya hata sekunde tatu. Katika uwanja huo mgumu ndimo Zhang Shan wa China, Barcelona 1992, alipopasua 200 kati ya 200 katika hatua ya awali akishindana na wanaume, kisha akachukua dhahabu. Atlanta 1996 wanawake hawakuruhusiwa kushiriki skiti kabisa. Iliwabidi wasubiri hadi Sydney mwaka 2000, walipoanzishiwa yao. Aibu hiyo haijafutika.

Sasa hivi uchaguzi halisi umebaki kwenye spotingi, mchezo wenye asili ya Uingereza unaoiga mawindo: visahani vinavyokatiza, vinavyoporomoka, vingine vikiviringika chini mithili ya sungura. Kanuni za FITASC, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, zimekuwa zikidai kitako kianzie sentimita 25 chini ya bega. Spotingi ya Kiingereza inakuachia uamuzi. Robert Churchill, mtengeneza bunduki wa London, alifundisha kwamba kupandisha bunduki na kuifuatisha shabaha ni tendo moja, wala si mawili. Naamini alikuwa sahihi kwa kisahani kinachokatiza. Bunduki ikiwa begani mapema, mtutu unakata sehemu ya chini ya kile unachokiona, mikono inakaza, na kisahani kinapotokea pembeni unakichelewa na kukifukuza. Ikiwa chini, macho yako huru. Mkono wa mbele unaanza safari pamoja na kisahani, na kitako kinapofika begani kazi karibu imekwisha.

Ila anayeanza asione haya kuianzia begani. Kwa wiki za mwanzo shavu linahitaji kujua makao yake kabla ya kutakiwa kuyafikia kwa haraka. Kinachofaa ni kurudi nyumbani, kuhakikisha bunduki haina kitu, kusimama mbele ya ukuta na kuipandisha polepole mara nyingi, kitako kikija usoni kwanza na shingo isiinamishwe kukitafuta. Al-Rashidi aliipandisha bunduki kutoka chini hadi uzeeni. Vincent Hancock, aliyekulia katika nchi ambako skiti ya nyumbani inaruhusu bega, ana dhahabu nne za Olimpiki, ya mwisho ikiwa ya Paris mwaka 2024, na zote nne alizipata kitako kikianzia pale Davies alipokiweka, chini ya kiwiko.