Bakaa ya Hazina na Kodi ya Kibanda: Bajeti ya Tanganyika Wakati wa Mdororo wa Uchumi

Serikali ya Tanganyika, iliyoendeshwa na Uingereza chini ya uangalizi wa Shirikisho la Mataifa, ilitarajiwa kujitegemea kifedha, yaani mishahara ya maofisa, matengenezo ya barabara na riba ya mikopo itokane na ushuru wa forodha na kodi zilizokusanywa humo humo nchini. Katika miaka ya neema, ziada iliyosalia baada ya matumizi iliwekwa kuwa bakaa, nayo ndiyo iliyokuwa kinga ya hazina mambo yalipoharibika.

Kinga hiyo ilijaribiwa na mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929. Tani ya mkonge, zao kuu la mashamba ya walowezi, iliuzwa mwaka huo kwa takriban pauni 32, lakini kufikia 1932 bei ilikuwa imeanguka chini ya nusu. Forodha nayo ikadhoofika, kwa kuwa nchi iliyouza kwa hasara haikuwa na cha kununulia bidhaa za nje, ilhali riba ya mikopo, iliyokwisha kupangwa kwa pauni, iliendelea kudaiwa vilevile. Wala serikali haikuweza kuchapa fedha ili kuziba nakisi, kwani shilingi ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuwa na makao London, ambayo ilitoa sarafu na noti dhidi ya pauni zilizolipwa kwake.

Ilibaki kubana matumizi na kusaka mapato. Mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith alitumwa kuchunguza fedha za nchi. Maofisa walipunguzwa, na utawala wa Gavana Stewart Symes ukawahimiza wakulima wapanue mashamba ya mazao ya biashara.

Mzigo mzito zaidi ulimwangukia mlipaji wa kodi ya kibanda na kichwa, ambayo ilidaiwa kwa kiwango maalumu bila kupima kipato chake. Mkulima aliyedaiwa shilingi 10, ambaye zamani aliipata fedha hiyo kwa kuuza mzigo mmoja wa pamba, alihitaji mizigo miwili bei ilipopungua kwa nusu, na aliyekosa fedha kabisa aliweza kutakiwa kuilipa kodi kwa kazi, akilima barabara au kubeba mizigo ya serikali.

Baadaye katika mwongo huo, bei zilipoinuka na dhahabu ya machimbo ya Lupa ilipoongezeka, hazina ilipata nafuu. Hata hivyo, vitabu vyake vilihesabu pauni peke yake, ilhali serikali ilikuwa imevushwa pia na magunia ya ziada na siku za kazi za wanavijiji. Anayeichunguza bajeti ya zama hizo hana budi kuzisoma hesabu zote mbili kwa pamoja.