Jemadari Lettow-Vorbeck na Watu Waliombebea Vita

Sisi wakazi wa Kipawa tumezoea ngurumo mbili: ya ndege zitokazo uwanjani, na ya garimoshi la reli ya kati liendalo Pugu. Ndege ni jirani wa juzi. Reli ni mwenyeji wa kale, kwani ilikwisha kufika Kigoma mwaka 1914, na juu ya vyuma vyake, mwezi Desemba 1918, alirudishwa Dar es Salaam jemadari mmoja wa Kijerumani akiwa mateka. Naye hakuwa mateka wa kushindwa vitani, wasema wampendao. Jambo hilo tunataka kulipima hapa, maana habari za jemadari huyu zimesimuliwa mno na watu wa kwao, ilhali miguu iliyotembea ilikuwa ya watu wa kwetu.

Paul von Lettow-Vorbeck alizaliwa Saarlouis mwaka 1870. Kabla hajaiona nchi yetu alikwisha kupigana Uchina, katika kuwazima Mabondia, kisha akapelekwa Afrika ya Kusini Magharibi, nchi iitwayo sasa Namibia, wakati Jenerali von Trotha alipowaangamiza Waherero. Huko alijeruhiwa, akapoteza nuru ya jicho la kushoto. Tunalitaja hilo makusudi. Waandishi wengi huanza sifa zake Tanga, kana kwamba mtu huyu alishuka melini bila ya jana yake.

Alifika Dar es Salaam mwezi Januari 1914, akiwa Luteni Kanali, kushika uongozi wa jeshi la koloni. Askari wake Waafrika walikuwa kiasi cha 2,500, na Wajerumani mia mbili na ushei. Vita vilipozuka Agosti, na manowari ya Kiingereza kuupiga mnara wa simu ya upepo wa mji wetu, Gavana Heinrich Schnee alitaka pwani isiguswe na vita. Lettow-Vorbeck hakukubali. Alikusanya kombania zake Pugu, mwendo wa siku moja kutoka mjini, upande huu huu wetu. Nia yake ilikuwa moja, nayo hakuificha: hapa hawezi kushinda, lakini aweza kuwashughulisha Waingereza ili askari wao wengi wasipelekwe Ulaya. Basi msomaji aone. Nchi nzima, pamoja na mashamba yake na watu wake, ilifanywa kamba ya kumfungia ng'ombe wa mbali.

Mwezi Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, naye akawakabili kwa watu elfu moja hivi. Wakapigwa, wakarudi melini, wakiacha nyuma bunduki za kisasa na risasi tele ambazo zilimfaa kwa muda mrefu. Wazee wa Tanga hupenda kusema ushindi ule ulikuwa wa nyuki, waliotoka mizingani mwao kwa kelele za risasi. Ni kweli nyuki walitoka, ila hawakuchagua adui, waliwauma wote.

Hatuna budi kukiri kuwa alikuwa askari hodari. Manowari Königsberg ilipozamishwa katika Rufiji mwaka 1915, mizinga yake iliopolewa ikakokotwa bara. Kutoka chuo cha utafiti cha Amani, Usambara, ilipatikana dawa ya malaria kwa magome ya mkwinini. Jenerali Smuts wa Afrika ya Kusini alipokuja mwaka 1916 na jeshi kubwa, Lettow-Vorbeck alirudi nyuma hatua kwa hatua bila kukubali kuzingirwa. Dar es Salaam ilitekwa Septemba mwaka huo. Tabora ikatwaliwa na Wabelgiji mwezi huo huo. Oktoba 1917 yalitokea mapigano ya Mahiwa, nyuma ya Lindi, makali kupita yote. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno, akiwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi wengi. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, akiwa amekwisha kupandishwa cheo cha jenerali, aliweka silaha chini Abercorn, ambayo ndiyo Mbala ya Zambia, siku kumi na nne baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168, na maelfu ya wapagazi na wanawake.

Hapo ndipo sifa ya kutoshindwa ilipozaliwa. Lakini jeshi lisilo na ghala wala meli hula nini? Lilikula vihenge vya watu. Palipopita jeshi lake palichukuliwa mtama, mbuzi na vijana; likaja jeshi lililomfukuza, nalo likachukua kilichosazwa. Daktari Ludwig Deppe, aliyekuwa pamoja naye, aliandika baadaye bila kuficha kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa na njaa. Ugogo njaa hiyo yaitwa Mtunya, ya miaka 1917 hadi 1920, na waliokufa hukisiwa kuwa 30,000. Wapagazi waliofia upande wa Waingereza peke yao, kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, walipindukia 90,000, na wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara, homa na utapiamlo. Sisi tuliozaliwa baada ya uhuru tuliwakuta mabibi ambao, mtoto akimwaga uji, walimkemea kwa sauti isiyolingana na kosa. Hatukujua wakati ule kwamba walikuwa wakikumbuka, au walikuwa wamekumbushiwa na mama zao.

Yeye alipokelewa Berlin kwa shangwe mwaka 1919. Mwaka uliofuata alijiingiza katika jaribio la Kapp la kuipindua serikali ya jamhuri, na jeshini akatoka. Baadaye alikuwa mbunge, na Hitler hakumpenda. Mwaka 1953 alikuja tena Tanganyika, akalakiwa na askari wake wa zamani, wazee kwa wazee. Hatuwezi kuwalaumu, maana mtu huukumbuka ujana wake hata uwe wa taabu. Alifariki Hamburg mwaka 1964, na mwaka huo huo bunge la Ujerumani Magharibi likaidhinisha malipo kwa askari wale waliokuwa hai. Kambi ya jeshi na barabara zilizoitwa kwa jina lake huko kwao zimeanza kubadilishwa majina.

Kwetu, katikati ya mji, ipo sanamu ya askari iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927, pale pale ilipokuwa sanamu ya Wissmann Mjerumani. Maandishi yake yanawataja na wapagazi, wote kwa jumla, bila jina la hata mmoja. Jina lao walilipata mahali pengine. Akina mama wa Kipawa watokao alfajiri na vikapu vyao husema waenda Kariakoo. Na Kariakoo ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliopiga kambi pale, likitamkwa kwa kinywa cha Mswahili.