Ulanzi Unachacha Mapema? Kagua Mbeta Kwanza

Mvua zikishakolea Ludewa, kuna watu wanaoamka alfajiri wakiwa na kisu badala ya jembe. Ni wagema wa ulanzi. Kwa miezi michache, kuanzia Januari hadi karibu Aprili, pesa ya chumvi, sabuni na daftari za watoto kwenye nyumba nyingi za milimani hutoka kwenye mwanzi.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Chipukizi changa la mlanzi hukatwa ncha, kisha mgema hurudi asubuhi na jioni kukata tena kipande chembamba. Hufanya hivyo kwa takribani wiki moja mpaka maji yaanze kutiririka. Hapo ndipo inafungwa mbeta, yaani kipande cha mwanzi uliokomaa ambacho pingili yake ya chini ndiyo kitako.

Maji yanayotoka kwenye chipukizi ni matamu. Ndani ya saa chache tu yanaanza kutoa povu, na kesho yake yamekuwa makali. Kesho kutwa, kama hayajanywewa, yanaelekea kwenye siki. Mgema aliyechelewa kupata wateja anabaki na ndoo nzima ambayo hakuna anayeitaka.

Sasa swali. Nani katia hamira? Hakuna aliyetia. Hamira ya asili ipo hewani, ipo kwenye gamba la mlanzi, inaletwa na nyuki na nzi. Ila kwa sehemu kubwa imejificha ndani ya mbeta yenyewe, kwenye masalia ya jana. Mwanzi una vinyweleo vinavyofyonza utomvu, na kila mbeta ikirudishwa mtini bila kuoshwa inakwenda na mbegu ya uchachu.

Wazee wanaopenda ulanzi mkali hawaoni tatizo hapo. Mbeta ya zamani inachachua haraka, na kwao hiyo ndiyo sifa yake. Shida ni kwamba hamira haikai peke yake. Pamoja nayo hukaa bakteria wanaogeuza pombe kuwa siki, na hao hawamsubiri mteja. Anayetaka kuuza ulanzi mtamu hana njia nyingine. Ni kuosha, tena kila siku.

Kuosha kwenyewe si kusuuza juujuu. Mbeta ikishamiminwa ioshwe palepale kabla masalia hayajakauka, kwa brashi au kijiti kilichofungwa kitambaa safi ili kifike mpaka kwenye kitako. Baada ya hapo imiminiwe maji yanayochemka, iachwe dakika kadhaa, imwagwe, kisha ining'inizwe kichwa chini mahali penye upepo. Jua kali huipasua. Sabuni yenye manukato haifai, kwa sababu mwanzi hunywa harufu na ulanzi wa kesho utanukia kama nguo zilizofuliwa. Ikianza kupasuka au kuota weusi ndani ambao hautoki, itupwe. Mwanzi wa kutengeneza nyingine si upo?

Kisu nacho kisisahaulike. Kikiwa butu kinaponda ncha badala ya kuikata, na nyama iliyopondeka huoza. Mdomo wa mbeta ufunikwe vizuri pia. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini msimu huu mvua inayatia yenyewe, hata kwa mgema ambaye hajasifiwa.

Kwenye madumu ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Njombe ni mkoa wa viazi na mahindi, na dumu lililobeba dawa ya shamba ni rahisi kuokota. Dumu hilo halisafishiki. Liwe limeoshwa mara ngapi, plastiki imeshakunywa sumu, na ulanzi ukikaa humo unaifyonza taratibu. La mafuta ya taa ni hivyohivyo. Na anayeongeza maji ya kijito kwenye ulanzi ili ujaze ndoo anaweza kuwauzia wateja wake homa ya matumbo.

Tatizo hili haliko Ludewa peke yake. Popote maji matamu ya mti yanapokingwa, vijidudu hufika kabla ya mnunuzi. Kanada na kaskazini mashariki mwa Marekani hukinga utomvu wa mti wa mepo, ule ambao jani lake lipo kwenye bendera ya Kanada. Wao hawanywi pombe yake, huuchemsha mpaka uwe sharubati nzito. Una sukari takribani asilimia 2 tu, hivyo lita moja ya sharubati hudai kama lita 40 za utomvu na kuni zisizo na idadi.

Ili kuokoa moto, wengi hutumia mtambo wa RO. Pampu husukuma utomvu kwa presha kubwa kwenye utando mwembamba unaopitisha maji na kuzuia sukari. Robo tatu ya maji inaweza kuondoka kabla jiko halijawashwa. Teknolojia hii ndiyo inayotumika kwenye viwanda vingi vya maji ya chupa.

Lakini utando huo una ugonjwa uleule wa mbeta: sukari na vijidudu hung'ang'ania juu yake mpaka maji yanashindwa kupita. Kila kazi ikiisha husuuzwa kwa maji safi ambayo mtambo wenyewe umeyachuja. Mwanzoni mwa msimu hupimwa maji safi yanapita kwa kasi gani, na namba inaandikwa. Kasi ikishuka, kwa maji yenye ubaridi uleule, muda wa kuosha umefika. Sabuni ya alkali huzungushwa kwenye maji ya vuguvugu, kama nyuzijoto 40, kisha husuuzwa sana. Madini yakiganda hufuata asidi, kama ile ya limau, kwa zamu yake na bila kuchanganywa na sabuni. Klorini haikaribishwi kabisa, maana inaula utando, na ukishaliwa haurudi.

Je, mgema wa Ludewa anahitaji mtambo huo? Kwa ulanzi wa kunywa, hapana. Mepo hutoa utomvu wakati wa baridi ya kugandisha, kwa hiyo maji yake hudumu kidogo. Ulanzi hutoka kwenye hali ya hewa ya mvua na joto la wastani, na unakuwa umeanza kuchacha kabla haujafika kwenye pampu yoyote. Fedha ya mtambo ingenunua mbeta na ndoo zenye mifuniko za kijiji kizima.

Msimu ukiisha, Wakanada huhifadhi utando ukiwa na unyevu ndani ya dawa ya kuzuia vijidudu, mahali pasipoganda. Mbeta inataka kinyume chake: ioshwe, ikauke kabisa, ining'inizwe juu ya moshi wa jikoni ambako wadudu watoboao mwanzi hawapendi kukaa. Kabla ya kurudi mtini Januari, imiminiwe tena maji ya moto ili masizi yatoke.